Kufafanua Hoja na Matini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa sekondari na vyuo, walimu wa Kiswahili, na yeyote anayetakiwa kusoma maandishi magumu na kuyaeleza kwa watu wengine. Majibu hayana urefu sawa, kwa sababu maswali yenyewe hayana uzito sawa.

Kufafanua ni kufanya nini hasa?

Ni kuichukua hoja au matini na kuifungua hadi msomaji aone mambo matatu: inasema nini, inasema hivyo kwa maneno gani, na kwa nini tunaamini ndiyo maana yake. Wengi huishia kwenye jambo la kwanza. Wanaandika maana, wanaweka nukta, wanaenda swali linalofuata. Msomaji anabaki na neno lao tu, hana njia ya kulihakiki. Ufafanuzi mzuri humwezesha msomaji kurudi kwenye matini mwenyewe na kuweka kidole pale maana ilipotoka.

Kwenye mtihani, "taja", "eleza", "fafanua" na "jadili" vinatofautianaje?

Tuchukue mada moja tuipitishe kwenye maagizo yote manne: sababu za Kiswahili kuenea kutoka pwani kwenda bara.

Ukiambiwa *taja*, "biashara ya misafara" inatosha. Maneno matatu, alama yako umepata. Kuongeza aya nzima hapo ni kupoteza muda.

Ukiambiwa *eleza*, toa sentensi moja au mbili zinazoonyesha jambo lilivyokuwa: misafara ya karne ya 19 ilikutanisha wafanyabiashara wa pwani na watu wa bara, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili.

Ukiambiwa *fafanua*, ingia ndani. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kufika Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliishi njiani miezi mingi pamoja na watu wenye lugha nyingine. Palihitajika lugha moja ya kupeana amri, kugawana mizigo na kununua chakula vijijini. Wenye mali walikuwa watu wa pwani, hivyo lugha yao ndiyo iliyotawala msafara. Mpagazi aliporudi kwao alikuwa ameshaijua, na vituo kama Tabora na Ujiji vikawa na wasemaji wake wa kudumu. Hapa msomaji haambiwi tu kwamba biashara ilieneza lugha. Anaonyeshwa ilivyoieneza, hatua kwa hatua.

Ukiambiwa *jadili*, yote hayo hayatoshi. Lazima upime upande wa pili: je, biashara peke yake ingetosha? Utawala wa Wajerumani ulitumia Kiswahili shuleni na katika kazi za serikali, na hilo liliipeleka lugha hata mahali ambapo misafara haikupita. Mjadala unadai uzipime sababu, useme ipi ilikuwa na nguvu zaidi na kwa nini.

Kosa linalowaumiza watahiniwa wengi ni kujibu "jadili" kana kwamba ni "fafanua". Hoja zinakuwa nzuri, zote za upande mmoja.

Hoja moja iliyofafanuliwa inakuwa na sehemu gani?

Dai, sababu, ushahidi, na kiungo kinachoirudisha hoja kwenye swali. Dai ni sentensi moja. Sababu ni moja au mbili. Ushahidi ni maneno ya matini yenyewe au tukio lililotajwa waziwazi. Kiungo ni sentensi moja ya mwisho. Kwa hiyo hoja moja huchukua sentensi nne hadi sita. Ikizidi kumi, chunguza: pengine umechanganya hoja mbili na ungezitenganisha ukapata alama za zote mbili.

Sehemu inayosahaulika zaidi ni kiungo. Mwanafunzi anaulizwa namna mwandishi alivyoonyesha nafasi ya mwanamke katika jamii. Anatoa tukio, anamtaja mhusika, anadondoa mazungumzo, kisha anahamia hoja ya pili bila kusema tukio lile linaonyesha nafasi *ipi*. Mtahini hawezi kumalizia kwa niaba yake.

Ubeti wa shairi la zamani unafafanuliwaje?

Tufanye kazi yenyewe. Huu ni ubeti wa pili wa Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate kwa ajili ya binti yake:

*Maradhi yamenshika*
*hata yametimu mwaka*
*sikupata kutamka*
*neno lema kukwambia*

Kwanza soma kwa sauti, mara mbili au tatu, huku ukihesabu mizani, yaani silabi za kila mstari. Ma-ra-dhi-ya-me-n-shi-ka: nane. Ha-ta-ya-me-ti-mu-mwa-ka: nane. Mistari miwili iliyobaki nayo ni minane minane. Usidharau hesabu hii. Ndiyo inayokuambia kwamba "yamenshika" haikukosewa na mchapaji. *N* yake inahesabiwa mizani kamili, sawa na *ni* ya "yamenishika" ya Kiswahili sanifu, na mstari haupungukiwi. Vina navyo ni *-ka, -ka, -ka*, halafu *-a*. Huo ndio mtindo wa utenzi: mishororo mitatu inakubaliana, wa nne unabeba kina kinachorudi mwisho wa kila ubeti.

Pili, badilisha maneno ya lahaja. Huu ni Kiswahili cha kaskazini, cha upande wa Lamu na Pate. "Yamenshika" ni yamenishika, "yametimu mwaka" ni umetimia mwaka, "neno lema" ni neno jema.

Tatu, andika maana ya wazi: nimeshikwa na maradhi hadi umetimia mwaka, na sikupata nafasi ya kutamka neno jema la kukuambia.

Wengi wanaweka kalamu chini hapa. Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu swali la nne ni hili: mtunzi amechagua nini, na uchaguzi huo unafanya kazi gani? Tazama vitenzi. Maradhi *yame*mshika: hali ya *-me-* inaonyesha kwamba yalimshika na bado hayajamwachia. Lakini kimya chake kiko katika wakati uliopita: *siku*pata kutamka. Ugonjwa unaendelea, kimya kimeisha. Kilichokimaliza ni utenzi huu wenyewe anaoanza kuutunga. Ndani ya mistari minne, mama ameeleza kwa nini amechelewa kumuusia mwanawe na kwa nini hawezi kuchelewa zaidi.

Tazama pia "neno". Limetajwa kama kitu kidogo, neno moja jema, ilhali kinachofuata ni beti nyingi za mafunzo juu ya dini, adabu na unyumba. Mzazi anamkaribisha mwanawe kwa upole asitishwe na urefu wa wasia.

Tano, rudisha ubeti mahali pake. Uko mwanzoni, baada ya mwito wa kumtaka binti akaribie na asikilize. Basi kazi yake ni kutoa sababu ya mwito ule. Ukiufafanua kama malalamiko ya mgonjwa, utakuwa umeupotosha, ingawa kila neno lake umelielewa sawasawa.

Je, kuandika ubeti kwa lugha nathari ndiyo kuufafanua?

Hapana. Lugha nathari ni ile hatua ya tatu hapo juu: unaondoa mpangilio wa kishairi, unaandika ujumbe ule ule kwa sentensi za kawaida, bila kuongeza maoni. Swali la namna hiyo ni la kawaida kwenye karatasi ya fasihi ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya. Anayeingiza uchambuzi wa tamathali humo hajajibu alichoulizwa. Andika kwa nafsi ile ile ya ubeti: mtunzi akisema "mimi", usigeuze kuwa "mshairi anasema kwamba yeye". Na usiache mshororo hata mmoja. Kibwagizo nacho kina maana, hata kama kimerudiwa.

Nikiulizwa "eleza muktadha wa dondoo hili", nifafanue kiasi gani?

Toa mambo manne: msemaji, anayeambiwa, mahali walipo, na kilichosababisha kauli hiyo. Mara nyingi swali hili lina alama nne, na kila jambo ni alama moja. Jambo la nne ndilo hupotezwa. Watu huandika kinachotokea *baada* ya kauli, badala ya kilichoizaa. Hadithi nzima ya sura haihitajiki.

Ukumbuke pia saa. Karatasi ya fasihi ya KCSE ni ya saa mbili na nusu kwa maswali manne, yaani dakika 37 hivi kwa kila swali. Ukitumia dakika 15 kwenye muktadha, utaikimbiza sehemu yenye alama nyingi.

Methali zinafafanuliwaje?

Kwa tabaka mbili na tukio. Tabaka la kwanza ni maana ya juu, maneno yalivyo. La pili ni maana ya ndani, funzo lenyewe. Kisha onyesha tukio ambalo mtu angeitamka methali hiyo, maana methali isiyo na hali ya kutumiwa haijaeleweka.

Chukua *Mchelea mwana kulia hulia yeye*. Wanafunzi wengi huliona neno "mchelea" wakadhani ni la kuchelewa, wakaandika kuhusu mzazi aliyechelewa kumpatia mtoto chakula. Hapa *chelea* ni kuogopa, kuhofia. Maana ya juu: anayeogopa kumliza mwanawe ataishia kulia yeye. Maana ya ndani: mzazi asiyethubutu kumrudi mtoto anapokosea atakuja kuumizwa na tabia za mtoto huyo. Tukio: mtoto amerudi na kalamu ya mwenzake kutoka shuleni, baba anataka kumkanya, mama anasema muache, ni mdogo. Jirani akiitamka methali hapo, imekaa mahali pake.

Sasa angalia kosa lilivyojengeka: neno moja lilisomwa vibaya, hadithi ikatungwa kulifuata, na hadithi yenyewe ilikuwa na mantiki. Ndiyo maana kosa la namna hii ni gumu kuligundua kwa kusoma jibu peke yake. Dawa ni kulirudia kila neno la methali na kujiuliza kama maana uliyoandika imeligusa. Katika jibu lile la kuchelewa, "hulia yeye" haikuwa na kazi yoyote. Neno likibaki bila kazi, rudi mwanzo.

Maandishi ya sheria au mkataba yanafafanuliwa kwa njia hiyo hiyo?

Msingi ni ule ule, ila jicho linakaa kwingine. Kwenye sheria, uliza nani, nini, lini, na isipokuwa nini. Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu kidogo cha pili, inasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Neno la kwanza la kufafanua ni "mtu". Halikusemwa "raia", kwa hiyo ulinzi huo haufungwi na uraia. La pili ni "dharura": kifungu hiki hakizungumzii kila tiba. La tatu ni "hatanyimwa": ni katazo, linamlenga yule mwenye uwezo wa kunyima. Anayewaeleza wanakijiji kifungu hicho kwa kusema tu "mna haki ya kutibiwa" amewapa sentensi fupi, lakini ameyapoteza maneno yote matatu. Mtu ataenda kudai asichopewa na kifungu hicho, au ataacha kudai alichopewa.

Katika mikataba, yaangalie sana "na", "au", "isipokuwa", "ndani ya siku". Siku thelathini zinahesabiwa kuanzia kusaini, kupokea barua, au mwisho wa mwezi? Kama mkataba hausemi, ufafanuzi wako useme wazi kwamba hausemi. Usijaze pengo kwa kubahatisha.

Kuna tofauti gani kati ya ufafanuzi, tafsiri, sharhi, uchambuzi na muhtasari?

Tafsiri huhamisha matini kutoka lugha moja kwenda nyingine. Muhtasari huipunguza. Uchambuzi huitenganisha sehemu zake, fani na maudhui, na kuonyesha zinavyofanya kazi pamoja. Sharhi ni maelezo yanayoandamana na matini mstari kwa mstari, matini yenyewe ikibaki palepale. Ufafanuzi ni kazi pana inayoweza kuingia ndani ya zote hizi.

Katika matumizi ya pwani mipaka hii huingiliana. Kwenye darsa za msikitini, hasa mwezi wa Ramadhani, sheikh husoma aya kwa Kiarabu, huitoa kwa Kiswahili, kisha hueleza maneno yake, sababu ya kushuka kwake na hukumu zinazotokana nayo. Kazi yote hiyo huitwa tafsiri. Hakuna kosa. Ni desturi ya elimu hiyo, na utaratibu wake wa kutomwacha msikilizaji apoteze matini huku maelezo yakiendelea unastahili kuigwa darasani.

Nitumie mifano mingapi?

Mmoja uliofunguliwa vizuri unatosha. Ongeza wa pili pale tu unapoonyesha upande ambao wa kwanza haukuugusa. Maswali ya fasihi nchini Tanzania mara nyingi hutaka hoja tatu kutoka kila kitabu katika vitabu viwili. Hapo idadi imeshapangwa: hoja sita, kila moja na mfano wake. Anayetoa hoja tano za kitabu kimoja na moja ya kingine hupoteza alama hata kama hoja zote ni sahihi.

Na dondoo ziwe fupi. Mstari mmoja au nusu yake, ule wenye neno unalolizungumzia. Kunakili aya nzima hakuthibitishi kitu. Kunaonyesha kwamba hukujua ni sehemu gani ya aya inayokusaidia.

Kamusi inatosha kwa maneno magumu?

Inatosha kuanzia. Kamusi hutoa maana kadhaa kwa neno moja, na matini ndiyo inayochagua. Njia ya uhakika ni kuipachika kila maana kwenye sentensi na kuona ipi inakubaliana na maneno ya jirani. Kwa tenzi na mashairi ya zamani, kamusi ya Kiswahili sanifu mara nyingi haitakuwa na neno, au itakuwa nalo kwa maana nyingine. Muulize msemaji wa lahaja husika, au tafuta neno hilo katika beti nyingine za utenzi huo huo. Mtunzi huwa ndiye kamusi bora ya maneno yake.

Kwa nini ufafanuzi wangu unaonekana mrefu lakini mwalimu anasema "hakuna kitu"?

Mara nyingi ni kwa sababu umerudia. "Umaskini ni hali ya kuwa maskini, yaani kukosa mali na kuishi katika hali ya umaskini." Sentensi imetembea, haijafika. Jaribu hivi: kwa kila sentensi, jiulize kama ukiifuta msomaji atakosa taarifa. Asipokosa, ifute.

Sababu nyingine ni maneno makubwa yasiyo na mzigo: "kwa kiasi kikubwa", "katika nyanja mbalimbali", "kwa namna moja au nyingine". Nyanja zipi? Zitaje mbili, uachane na "mbalimbali". Sisi tunaona hiki ndicho kirusi kikuu cha uandishi wa kitaaluma wa Kiswahili leo, na kinaambukizwa na watu wazima kuliko wanafunzi.

Sababu ya tatu ni kuanza mbali mno. Ukiulizwa kuhusu takriri (kurudiwa kwa maneno) kwenye shairi, huhitaji aya ya "fasihi ni sanaa itumiayo lugha". Anza na takriri.

Nikifafanua kwa mdomo, nibadilishe nini?

Soma matini kwanza, yote, polepole, kabla ya neno lako lolote. Kisha fafanua sehemu fupi fupi, na baada ya kila sehemu isome tena. Msikilizaji hana uwezo wa kurudi nyuma kwa macho, hivyo mrudishe wewe. Usiulize "mmeelewa?" kwa sababu jibu ni "ndiyo" daima. Muombe mmoja aseme kwa maneno yake, na umsikilize hadi mwisho kabla ya kumsahihisha.

Wafafanuzi wawili wakitofautiana juu ya mstari mmoja, nimfuate nani?

Kwanza angalia kama wanasoma mstari ule ule. Tenzi za zamani ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, na hati hizo zina alama tatu tu za irabu: *e* na *i* zinagawana alama, *o* na *u* vilevile. Waandishi wengi waliandika *p* kwa herufi ya *b*, na hawakuonyesha *m* ya *mb*. Neno moja lililoandikwa kwa ba na ta laweza kusomwa *bata*, *pata* au *mbata*. Kwa hiyo wasomi wawili wanaweza kutofautiana si kwa sababu mmoja hajui Kiswahili, bali kwa sababu kila mmoja ameitoa hati kwa irabu na konsonanti zake.

Ukishahakikisha maandishi ni yale yale, hesabu mizani na vina vya kila usomaji. Unaovunja bahari, yaani mpangilio wa mizani na vina, ya utenzi mzima una mzigo mkubwa wa kujieleza. Kisha tazama ubeti uliotangulia na unaofuata. Yote yakilingana na bado kuna maana mbili, ziandike zote mbili, sema wewe unaelekea ipi na neno gani limekuelekeza, na iache ya pili ionekane ili anayekuja baada yako aweze kuipima.